Semeni Wenyewe: Barua ya Wazi kwa Wakenya wa Asili ya Kihindi wa Kitale na Bungoma

Wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana tuliokutana mara nyingi kaunta ikiwa katikati yetu,

Ningeweza kumwandikia gavana au mbunge, maana hao ndio waliozoea kuandikiwa. Nimewachagua ninyi kwa sababu ya maneno ninayoyasikia tangu Mei 2025, serikali ilipokodisha Kiwanda cha Sukari cha Nzoia kwa kampuni ya West Kenya, ya familia ya Rai, kwa miaka 30. Sokoni Chwele, kwenye matanga huko Kanduyi, ndani ya matatu za Bungoma na Webuye, watu wazima wenye akili zao wanasema: "Wahindi wamechukua kiwanda." Hawaitaji kampuni iliyokodisha. Hawaitaji serikali iliyotia sahihi, wala miaka ambayo kiwanda kilikuwa mikononi mwa serikali hiyo hiyo huku mkulima akidai malipo ya miwa na mfanyakazi akidai malimbikizo ya mshahara. Wanasema Wahindi, na ndani ya neno hilo mmo nyote: mwenye hadwea, mama anayeuza vitambaa, daktari wa meno, fundi Kalasinga aliyezaliwa Kitale na ambaye baba yake pia alizaliwa Kitale.

Nimengoja mmoja wenu asimame aseme jambo. Aseme mkataba ni mzuri, au ni mbaya, au aseme kwamba yeye anauza misumari na mabati na hakuulizwa chochote, kama mimi nisivyoulizwa. Sijamsikia. Kimya hicho ndicho kilichonishikisha kalamu.

Kimya chenu kina historia, na haitakuwa haki niwalaumu kabla ya kuieleza, maana vijana wetu wengi hawaijui, na naogopa hata wenu wengi hawaijui.

Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walikufa. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na waliobaki hawakufika 7,000. Wenye maduka waliofika huku kwetu walikuwa hasa watu wengine, waliokuja kwa biashara kutoka Gujarat na Punjab, katika njia iliyokuwa imefunguliwa na wafanyabiashara kama Allidina Visram, ambaye maduka yake yalifuata reli hadi ndani ya Uganda. Tawi la reli lilipofika Kitale mwaka 1926, na njia kuu ikapita Bungoma kuelekea Tororo, mfanyabiashara wa Kihindi alikuwa na kazi tele: magunia, majembe, mafuta ya taa, chumvi, blanketi.

Lakini shamba hakuwa nalo, na hakuruhusiwa kuwa nalo. Tangu 1908, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Lord Elgin, alikuwa ameamua kwamba ardhi ya nyanda za juu isigawiwe Wahindi, na Trans Nzoia yote iliangukia humo. Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 ukasema masilahi ya Mwafrika ndiyo yatangulie, maneno mazuri, kisha nyanda za juu zikaachwa kwa Mzungu vile vile. Mkaruhusiwa ploti mjini. Mkapewa mtaa wenu na shule yenu, chini ya Mzungu na juu ya Mwafrika, na hapo katikati ndipo mlipomfaa sana mkoloni. Mwaka 1942 serikali ilipoanza kudhibiti biashara ya mahindi, mkulima Mwafrika alipata kidogo kuliko mlowezi kwa gunia lile lile. Bei ilipangwa ofisini Nairobi. Uso ambao mkulima wa Kimilili aliuona siku ya kuuza ulikuwa wa mwenye duka na mizani yake, na hasira ikabaki pale pale kwenye mizani.

Linganisheni na habari ya Nzoia. Miaka zaidi ya 80 imepita, na bado aliyeamua haonekani, anaonekana Mhindi.

Nasema haya nikijua kwamba watu wenu hawakuwa mabubu. Kutoka Kitale hadi Kapenguria ni mwendo wa kama kilomita 40. Kesi ya Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko ilipopelekwa kule mwishoni mwa 1952, katika darasa la shule ya kilimo, serikali ilipachagua kwa sababu palikuwa mbali na palikuwa eneo la kuingia kwa kibali. Mawakili wa utetezi walikaa Kitale wakawa wanapanda na kushuka njia ile. Kiongozi wao alikuwa D. N. Pritt kutoka Uingereza. Pamoja naye walikuwapo Achhroo Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza, Wakenya wenye asili ya India, na Diwan Chaman Lall aliyetumwa na Jawaharlal Nehru kutoka Delhi. Walikuwapo pia H. O. Davies wa Nigeria na Dudley Thompson wa Jamaika. Fikirieni mji wa walowezi kama Kitale ya wakati ule, rangi ikiamua nani ale wapi na nani alale wapi, halafu watu hao wa mabara manne wanashuka garini pamoja na mafaili yao. Kwa kijana wa Kihindi kuonekana upande ule, mwaka ule, hali ya hatari ikiwa imetangazwa, kulihitaji moyo.

Na kabla yao alikuwapo Makhan Singh. Mwana wa Punjab, aliyeletwa Kenya mwaka 1927 akiwa kijana mdogo, akaanzisha chama cha wafanyakazi mwaka 1935 na kukifungua kwa wafanyakazi wa rangi zote. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, kwenye mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki, alidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki hadharani. Wiki chache baadaye alikamatwa, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Sehemu ya miaka hiyo aliitumikia Lokitaung, kule juu Turkana, ambako barabara yake huanzia hapa kwetu Kitale. Zarina Patel, mjukuu wa A. M. Jeevanjee, ndiye aliyemwandikia Makhan Singh kitabu cha maisha yake, na ndiye aliyesimama mwaka 1991 kutetea bustani ya babu yake katikati ya Nairobi isijengwe. Mwanamke wa Kihindi, enzi za chama kimoja, anaiambia serikali hapana. Wapo basi. Nyumba zenu zimezaa watu wenye sauti.

Sauti ilikatika wapi? Mimi nadhani ilikatika kati ya 1963 na 1972. Katiba ya uhuru iliwapa wengi wenu muda hadi Desemba 1965 kuomba uraia, na wengi walisita, wakashika pasipoti ya Mwingereza. Mwaka 1967 zikaja sheria za uhamiaji na za leseni za biashara. Asiye raia hakuweza tena kufungua duka popote alipotaka wala kuuza bidhaa yoyote aliyotaka, na vituo vya mashambani viliachiwa wananchi. Maduka ya Kimilili na Malakisi yakaanza kubadilisha mikono. Mwaka 1968 Uingereza nayo ikafunga mlango wake mbele ya watu iliowapa pasipoti kwa mkono wake. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akatoa siku 90. Treni zilizowabeba waliofukuzwa Kampala kwenda meli za Mombasa zilipita Malaba, zikapita Bungoma, zikiwa zimefungwa milango ili mtu asishuke nchini kwetu. Wazazi wenu waliokuwa wamekaa nyuma ya kaunta zao Bungoma mjini walijua ni akina nani wamo ndani ya mabehewa yale. Wengine walikuwa ndugu zao wa damu.

Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia 176,613 nchini Kenya. Ile ya 2019 ilihesabu raia wa Kenya wenye asili hiyo 47,555. Mtu aliyeona jamii yake ikiyeyuka hivyo huwafunza watoto wake kutosema siasa, kulipa wanachoitishwa, kuchangia kampeni za pande zote mbili, na kuweka pesa kidogo mbali. Siwezi kumshutumu aliyefunza hivyo mwaka 1972.

Lakini ninyi hamko mwaka 1972. Julai 2017 serikali ilitangaza katika gazeti rasmi kwamba ninyi ni jamii ya 44 ya Kenya. Najua tangazo hilo lilikuja wiki chache kabla ya uchaguzi, na najua kuna miongoni mwenu waliosema hawakuhitaji kuambiwa. Hata hivyo limeandikwa. Na katiba ya 2010 iliwapa, kama ilivyonipa mimi, haki ya kuketi katika kikao cha umma na kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, ada ya soko, ushuru wa maegesho, mji unavyopangwa. Mnakuja ofisini kulipa leseni. Kikao kinachoamua leseni hiyo iwe shilingi ngapi, hamji. Baadaye mnamtuma mtu akaongee na mtu. Kuongea huko kwa mlango wa nyuma kumewafaa kwa muda mfupi, na kumewaharibia jina kwa muda mrefu, kwa sababu sisi tunaona matokeo tu na tunadhani mmenunua kitu.

Kisumu si mbali. Watu wa Kisumu walimchagua Shakeel Shabbir kuwa mbunge mwaka 2007, wakamrudisha, na hata mwaka 2017 aliposimama bila chama walimrudisha. Walimchagua kwa sababu walimjua. Alikuwa amekuwa meya wao, amebishana nao, ametukanwa na kupigiwa makofi kama mwanasiasa mwingine yeyote.

Niseme sasa kuhusu Webuye, kwa sababu jeraha la Nzoia limekaa juu ya jeraha la Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilianza kama ubia wa serikali ya Kenya, Benki ya Dunia kupitia tawi lake la IFC, na kampuni ya Orient Paper Mills ya kundi la Birla kutoka India. Kuanzia 1974 mji uliokuwa ukiitwa Broderick Falls ulipata mishahara, nyumba, shule, timu ya mpira, na moshi uliokula mabati ya watu. Januari 2009 kiwanda kilifungwa. Mwaka 2016 mali yake ikauzwa kwa kundi la kampuni za familia ya Rai kwa shilingi milioni 900. Mtu wa Webuye akihesabu hadithi hiyo anaanza na Mhindi na kuishia na Mhindi. Wizara, mabenki, bodi za wakurugenzi zilizojaa wateule wa wanasiasa, hao wote wamefutika. Birla wa Kolkata, familia ya Rai wa Kenya, na mzee anayeuza vikombe na sufuria Bungoma mjini wamekuwa mtu mmoja.

Hilo ni kosa letu, na nimewaambia wenzangu hivyo kwenye vikao vya kijiji, na nitaendelea. Ni kosa linaloua pia. Mapema mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, tuliona Kisumu jinsi duka linavyochomwa kwa hasira isiyomhusu mwenyewe. Ila ninyi mna sehemu yenu ya kazi, kwa sababu hakuna anayeweza kututenganishia mtu na mtu kama hao watu hawajitokezi tukawajua.

Na kujuana huku kumezuiwa na jambo jingine ambalo ni lazima nilitaje. Nilipomaliza shule nilifanya kazi katika hadwea moja Kitale. Sitaitaja, na wenyewe hawako tena mjini. Vikombe vyetu vilikuwa vya bati, vikikaa dirishani peke yake. Vya wenyewe vilikuwa ndani. Kijana wa miaka 15, mtoto wa nyumba, aliwaita wanaume wenye wajukuu kwa jina moja tu, bila mzee, bila baba fulani. Mimi ni Mbukusu. Nimelelewa kumwita rika la baba yangu papa. Kila mara nilipomsikia yule kijana akimwita mzee wetu wa kupakia saruji, mwili wangu ulisisimka. Mshahara mdogo niliuvumilia kama wengi wanavyouvumilia. Kile kikombe cha dirishani hakijanitoka.

Najua si kila duka lilikuwa hivyo. Najua wapo mama wa Kihindi waliolipia watoto wa wafanyakazi wao karo hadi chuo kikuu, na sijasahau kambi za macho ambako bibi zetu walitolewa mtoto wa jicho bila kulipa. Tena najua kwamba ninyi kwa ninyi mmegawanyika: Patel na Shah, Lohana na Kalasinga, Ismaili na Bohora, kila mmoja na ukumbi wake, na ndoa zinazovuka kuta hizo huleta machozi. Lakini nchi ya babu zenu ilipiga vita jambo hilo hilo la kutenga vikombe. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilipiga marufuku kumtenga mtu kwa kuhesabiwa najisi, na mwenyekiti wa kamati iliyoiandika, B. R. Ambedkar, alizaliwa katika tabaka ambalo wengine hawakukubali kunywa maji chombo kimoja nalo. Nikimsoma Ambedkar namwona mtu aliyekijua kikombe changu. Julai 2016 maelfu yenu walijaa Kasarani kumsikia Narendra Modi, na sikuona ubaya. Mtu kupenda kwao kwa asili ni haki yake. Naomba tu kwamba katika mizigo ya India mnayoibeba, muubebe na wa Ambedkar, muuweke mezani dukani.

Kuna jambo linalonipa moyo. India haiko mbali nasi kama zamani. Leo mgonjwa wa figo au saratani kutoka Sirisia akichangiwa harambee, mara nyingi safari ni ya India. Watu ambao hawajawahi kufika Mombasa wanatua Chennai au Delhi wakiwa na ripoti za daktari kwenye mfuko wa plastiki na mpwa mmoja wa kuwashika mkono. Wanatapeliwa na madalali wa hospitali. Wanakaa siku nyingi bila chakula wanachokijua. Ninyi mnazo lugha, mna jamaa huko, mnajua hospitali ipi ni ipi. Kama mngefungua chumba kimoja katika ukumbi wenu wa Kitale, Jumamosi moja kwa mwezi, mtu akaja na ripoti zake akaelekezwa na anayejua, habari zingefika Mlima Elgon kabla ya jua kuzama. Hapo hakuna siasa kabisa.

Na kwa wenye maduka na maghala: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, kazi yake inageuka ya kulipwa kwa mwezi, pamoja na haki zake. Mnaijua sheria hiyo; mawakili wenu wanaijua. Wapeni watu barua. Mfanyakazi wa miaka 12 anayeitwa kibarua ndiye anayerudi kijijini jioni na kueleza Wahindi ni watu gani, na kijiji humwamini yeye.

Tena njooni vikaoni. Rasimu ya bajeti ya kaunti ikitangazwa, iwe Kitale au Bungoma, msimtume karani. Njooni wenyewe, mama na mzee na kijana, mkae kwenye viti vile vya plastiki, mnyanyue mkono, mseme kwa Kiswahili hicho hicho mnachouzia. Mtapingwa. Kuna atakayewauliza kwa ukali kuhusu Nzoia. Mjibuni. Mwambieni mnachofikiri hasa kuhusu mkataba wa miaka 30, hata kama mnauunga mkono, hata kama mwenye kampuni ni rafiki yenu. Mimi nitakuwa mle ukumbini, na nina maoni yangu: mkataba wa urefu huo juu ya mali ya wakulima ulistahili kusomwa mbele ya wakulima, kifungu kwa kifungu, kabla ya sahihi. Ningependa kusikia kama mfanyabiashara wa Bungoma mwenye miaka 40 mjini analiona vivyo hivyo.

Ombi langu la mwisho ni kwa wazee. Makumbusho ya Kitale yalianza na mkusanyo wa mlowezi mmoja, Kanali Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu na kufungua makumbusho yake mwaka 1926, mwaka ule ule wa reli, kisha akauachia taifa mkusanyo huo. Makabati yenu ya nyuma yana vitabu vya madeni vya miaka ya 1930 na 1940, vilivyoandikwa Kigujarati, na ndani yake yamo majina ya babu zetu: nani alikopa jembe, nani alilipa kwa simsim, nani alisamehewa deni mwaka wa njaa na nani hakusamehewa. Vijana wenu wengi hawawezi tena kuvisoma, na nyumba zikihamia Leicester au Toronto vitabu hivyo hutupwa. Vipelekeni makumbusho. Kaeni na mwanafunzi wa historia mmsomee. Hata kurasa zinazowaaibisha msizichane. Sisi nasi tuna zetu, na mtatuuliza.

Nipo Bungoma mjini, na siku za soko huwa Chwele. Anayetaka kunijibu kwa hasira anijibu, mradi anijibu mwenyewe.

Wenu,
Jirani yenu wa Bungoma